Hajarogwa, Ubongo Wake Una Njaa



Leo naomba tuweke kando kidogo habari za uchaguzi, mikataba na nani kamtukana nani. Nataka tuzungumzie jambo linalotumaliza kimya kimya, ambalo mimi binafsi sijawahi kulisikia likitajwa kwenye jukwaa la kampeni hata siku moja. Ni hili la ndugu zetu wanaokunywa pombe kwa miaka mingi, kisha akili zao zinaanza kuondoka kidogo kidogo, na sisi tumekaa pembeni tunanong'ona: "Pombe imemchanganya yule," au, "Kuna mtu kamfanyizia kule kwao."

Hoja yangu ni fupi. Wapo miongoni mwao ambao hawajarogwa wala hawajapata laana, na wala si pombe peke yake iliyowaharibu ubongo. Wanamalizwa na ukosefu wa vitamini moja ambayo vidonge vyake vya siku nzima havifiki bei ya bia moja. Kinachowazuia kupona ni aibu yetu, ni kutojua kwetu, na ni serikali ambazo ni hodari wa kukusanya ushuru wa pombe lakini mnywaji akiugua hazimtambui. Mimi si daktari na sitaki kujifanya daktari. Lakini haya nitakayoyasema si siri, mengi yake vitabu vya tiba vimeyaandika kwa miongo mingi, na inasikitisha kwamba sisi bado tunayaita uchawi.

Kila mmoja wetu anamjua

Kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hii. Alikuja Uingereza au Marekani na akili zake timamu, pengine na digrii yake mkononi. Akaanza na shifti moja, zikawa mbili. Chumba cha kupanga, baridi, upweke, karatasi za ukaazi hazieleweki. Kilaji kikawa ndiyo rafiki. Mwanzo ilikuwa wikiendi tu, baadaye kila akitoka kazini, mwishowe hata kabla ya kwenda kazini. Na kadiri chupa zilivyoongezeka ndivyo chakula kilivyopungua. Leo chipsi, kesho hamna kitu, keshokutwa vodka na sigara. Pombe ina nguvu ya kumdanganya mtu kwamba ameshiba, kwa sababu kweli inaleta nishati mwilini. Lakini nishati siyo lishe.

Miaka inapita. Siku moja mnamuona anatembea huku ametanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya dau, hata asubuhi ambayo hajagusa kitu. Macho yake yanachezacheza, anasema anaona vitu viwili viwili. Anauliza leo siku gani, mnamjibu, na baada ya dakika tano anauliza tena. Mkimuuliza jana alikuwa wapi, anawaambia bila wasiwasi kwamba alikuwa Kariakoo na marehemu kaka yake, wakati Dar es Salaam hajaikanyaga miaka kumi. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa. Mama anaambiwa, mganga anatafutwa, watu wanachanga nauli arudishwe nyumbani "akatengenezwe".

Na msidhani ni wanaume tu. Dada zetu nao wapo, ila wao wanajificha zaidi kwa sababu ulimi wetu ni mkali zaidi kwao. Na aliyeko Ghuba, ambako pombe ni aibu kubwa na sheria zake ni kali, huyo ndiyo kabisa, anaficha unywaji na anaficha ugonjwa.

Nyumbani hali ni ile ile, isipokuwa vinywaji vina majina mengine. Huko ni gongo, ni chang'aa, ni waragi. Mzee anaanza kusahau majina ya wanawe, majirani wanasema ni malipo ya mambo aliyoyafanya ujanani.

Ugonjwa huu una jina

Mwaka 1881, daktari Mjerumani aitwaye Carl Wernicke aliandika habari za wagonjwa watatu waliofika kwake wakiwa wamechanganyikiwa, macho hayaendi sawa na miguu inayumba. Wote watatu walikufa. Alipochunguza ubongo wao alikuta vidonda vidogo vya damu katika sehemu za ndani kabisa. Wawili kati yao walikuwa wanaume walevi. Lakini wa tatu, na hapa naomba tusikilize vizuri, alikuwa mwanamke kijana, fundi wa kushona, ambaye hakuletwa pale na ulevi. Alikuwa amekunywa asidi, tumbo likaharibika, akawa anatapika mfululizo na chakula hakikai. Yaani tangu siku ya kwanza ugonjwa huu ulionyesha kwamba hauchagui walevi tu. Unamchagua mtu ambaye chakula hakimfikii.

Miaka michache baadaye, kuanzia 1887, daktari wa Moscow aitwaye Sergei Korsakoff akaandika juu ya wagonjwa, wengi wao walevi, waliokuwa wamepoteza kumbukumbu kwa namna ya ajabu. Mambo ya zamani wanayakumbuka, wanaongea vizuri, wanaweza hata kucheza karata, lakini kilichotokea nusu saa iliyopita hakipo. Na pale penye pengo wanajaza habari za kubuni bila kujua kwamba wanabuni. Huyu si mwongo, jamani. Mwongo anaujua ukweli akauficha. Huyu ukweli wenyewe umemtoka, ubongo unajaribu kuziba tundu kwa chochote kilicho karibu.

Baadaye ikagundulika kwamba aliyoyaona Wernicke na aliyoyaona Korsakoff ni hatua mbili za ugonjwa mmoja. Hatua ya kwanza ni ya ghafla na inatibika. Hatua ya pili ni makovu yanayobaki. Ndiyo maana leo hii madaktari wanayaunganisha majina hayo mawili.

Na chanzo? Jibu lilitokea mbali, kwa kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Java akitafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi uliokuwa unawapooza watu miguu na kuwaua kwa moyo. Kuku wake nao wakaanza kupooza, halafu wakapona wenyewe. Alipofuatilia akakuta kwamba walikuwa wanalishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali, na walipona pale mpishi mpya alipokataa kuwapa chakula hicho, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Kijidudu hakikuwapo. Kilichokuwapo ni kitu kinachokosekana, nacho kilikuwa kwenye zile pumba tunazozitupa. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na kufikia 1936 kitu hicho kilikuwa kinatengenezwa maabara. Ndiyo vitamini B1, jina lake jingine tiamini.

Kwa nini mnywaji ndiye anayepatikana

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake yote, na kuni zake kuu ni sukari. Sasa sukari peke yake haiwaki. Inahitaji kiberiti, na B1 ni sehemu ya kiberiti hicho. Ikikosekana, sukari ipo lakini seli za ubongo haziwezi kuigeuza kuwa nguvu, zinaanza kufa. Zinazotangulia ni zile za sehemu zinazoendesha macho, mizani ya mwili na kumbukumbu. Ndiyo maana dalili zinakuja pale pale, machoni, miguuni na akilini.

Mwili wa mtu mzima una akiba ndogo sana ya B1, kama miligramu 30 hivi, na matumizi ya siku ni kiasi cha miligramu moja na kidogo. Mtu asipoipata kabisa, akiba inakwisha ndani ya wiki mbili au tatu. Siyo miaka, ni wiki!

Mnywaji wa kupindukia anaibiwa mara nne. Kwanza, hali chakula. Pili, hata akila, pombe inazuia utumbo kuifyonza B1. Tatu, ini lililochoka haliwezi kuitunza. Nne, hata ile kidogo iliyoingia, mwili unashindwa kuigeuza iwe katika hali inayofanya kazi, hasa kama na madini ya magnesi nayo yamepungua, jambo ambalo kwa walevi ni la kawaida. Ukijumlisha na kutapika na kuharisha, hesabu inakamilika.

Hapa niwe muwazi, asije mtu akasoma nusu akaondoka na uongo. Sisemi kwamba ukinywa vidonge vya B1 basi unaweza kuendelea na mtungi. Pombe yenyewe inasinyaza ubongo, inaharibu ini, inaleta kifafa, inamwangusha mtu akapasuka kichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani. Vitamini haifuti hayo. Lakini mtu mwenye nyumba inayoungua pembe mbili, ukimzimia pembe moja umemsaidia.

Saa inakwenda

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hatua ya kwanza ina dawa, na dawa yenyewe si ya ajabu. Ni B1 hiyo hiyo, kwa sindano, kwa dozi kubwa, haraka. Vidonge peke yake havitoshi kwa mgonjwa aliyefikia hapo, kwa sababu utumbo wake haufyonzi vizuri. Akiwahiwa, macho yanaweza kurudi sawa ndani ya saa au siku chache, kuyumba na kuchanganyikiwa kukapungua polepole. Akichelewa, anaweza kufa, na wengi wa wanaonusurika kifo wanabaki na lile pengo la kumbukumbu. Wapo wanaopata nafuu kwa miezi na miaka wakiacha pombe na kula vizuri, lakini wengine hawarudi tena walivyokuwa. Mtu wa miaka 45 anahitaji kukumbushwa kwamba ameshakula, kwamba mke wake ameshaondoka, kwamba baba yake alikufa. Na kila akikumbushwa, kwake ni msiba mpya.

Tatizo jingine ni kwamba hata hospitali kubwa huwa zinakosea. Utafiti uliofanywa Australia magharibi na kuchapishwa 1986 uliangalia watu 131 waliogundulika na ugonjwa huu baada ya kufa. Waliokuwa wameonyesha dalili zote tatu, macho, miguu na akili, walikuwa asilimia 16 tu. Na waliogundulika wakiwa hai walikuwa kama asilimia 20. Waliobaki walionekana ni walevi tu. Walilewa, wakalala, wakafa, basi. Sasa kama hiyo ni Australia, yenye madaktari na vifaa, tujiulize hali ikoje kwenye zahanati ya kata ambako mtu anayeyumba akifika anaambiwa akalale kwanza pombe imtoke?

Wenzetu walifanya nini

Hapa ndipo siasa inapoingia, na ndiyo sababu nimeleta hoja hii hapa badala ya kuwaachia madaktari.

Australia walikaa wakaliangalia tatizo lao. Kulikuwa na mawazo mengi, hata la kuweka B1 ndani ya bia. Mwishowe waliamua njia rahisi. Kuanzia Januari 1991, sheria ikataka unga wote wa kutengenezea mkate uongezwe tiamini. Mkate wa kila mtu, mlevi na asiyekunywa, tajiri na mlalahoi. Hawakumuuliza mtu kama anastahili. Utafiti uliochapishwa 1998, uliochunguza ubongo wa maiti zaidi ya 2,000 mjini Sydney, ulionyesha kwamba ugonjwa huu ulikuwa umepungua kuliko ilivyoonekana kwenye tafiti za kabla ya sheria.

Hapa Uingereza, unga wa ngano usio wa nafaka nzima lazima uwe na B1, madini ya chuma, niasini na chokaa. Kila anayekula kipande cha mkate mweupe asubuhi kabla ya kwenda kubeba boksi anapata faida ya sheria hiyo bila kujua. Tena tangu mwaka 2010, mwongozo rasmi wa tiba wa hapa unasema mnywaji mwenye utapiamlo au aliye hatarini kuupata, akifika kitengo cha dharura au akilazwa, apewe B1 kwa sindano kama kinga, hata kabla dalili hazijajitokeza. Yaani haki hiyo ipo. Ni sisi ambao hatuijui, na ndugu yetu akilazwa tunamwambia daktari "huwa anakunywa kidogo tu" ili tusiaibike. Uongo huo wa heshima unaweza kumgharimu akili yake.

Je, nyumbani? Kenya mwaka 2012 ilitoa sheria ya kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani. Ni hatua nzuri na tuwapongeze. Lakini sheria ya namna hii, iwe Kenya au kwa majirani zake, inavishika viwanda vikubwa. Haifiki kwenye mashine ya kusaga ya kijijini. Na mnywaji wa gongo hanunui unga wa paketi.

Na hapa tuongee ukweli kuhusu sahani zetu wenyewe. Tumejifunza kudharau dona. Dona ni chakula cha shule na jela, sembe nyeupe pe ndiyo ustaarabu. Mchele nao ukiwa na wekundu kidogo tunauona mbovu. Wakati ile B1 iko kwenye ganda na kiini, na mashine ya kukoboa inaiondoa ikaenda kulisha kuku na nguruwe. Wanyama wetu wanakula vizuri kuliko sisi! Maharage, kunde, choroko, karanga, ulezi na dona vyote vina B1, na ni vyakula vya kwetu. Hata pombe za asili zilizopikwa kwa nafaka, zile zinazonywewa na machicha yake, zilikuwa walau zinabakiza kitu cha nafaka. Gongo ni mvuke uliogeuzwa maji, ndani yake hamna vitamini hata chembe. Tumeacha kilevi chenye chakula kidogo tukahamia kilevi kisicho na chakula kabisa, na wakati huo huo tukakoboa ugali.

Ushuru wanauona, mgonjwa hawamuoni

Kila mwezi Juni mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanasimama na mikoba yao kusoma bajeti, na bia na vinywaji vikali huwa havikosi kutupiwa jicho. Sina ugomvi na ushuru wa pombe, hata ukipanda. Swali langu ni kwamba, katika fedha hizo, ni kiasi gani kinarudi kumtibu aliyeumizwa na bidhaa hiyo? Ni hospitali ngapi za wilaya ambazo mlevi aliyechanganyikiwa akifikishwa usiku, muuguzi atamchoma B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari? Tiamini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hakuna waziri anayeweza kusema hajawahi kuisikia.

Serikali zetu zinapenda hatua zenye kelele. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na mimi niliunga mkono, kwa sababu vile vipaketi vilikuwa vinauzwa hata karibu na shule. Kenya Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa siku chache baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, magazeti yakajaa, maofisa wakasimamishwa, pombe ikamwagwa mbele ya kamera. Yote sawa. Lakini kumwaga pombe ni kazi ya siku moja, na kumtibu mtu ni kazi ya kila siku isiyo na kamera. Huyu anayepoteza akili taratibu kwa miaka mitano hatoki gazetini. Haandamani, hapigi kura, na akihojiwa hakumbuki.

"Si ameyataka mwenyewe?"

Najua kuna wasomaji watakaosema hivyo, tena kwa nia njema kabisa. Wengine watasema dini zetu zimekataza ulevi, aliyevunja amri avune alichopanda.

Ndugu zangu, mtu anayeendesha pikipiki bila kofia akianguka, tunamuacha barabarani? Tunamuokota kwanza, maneno baadaye. Dini iliyokataza ulevi ndiyo hiyo hiyo iliyoamuru mgonjwa aangaliwe. Isitoshe, si kila mwenye ugonjwa huu ni mlevi. Kina mama wajawazito wanaotapika mpaka hakuna kinachokaa tumboni, watu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kupunguza unene, wagonjwa wa saratani, wenye UKIMWI waliodhoofika, wakimbizi wanaoishi kwa chakula cha aina moja, wote wanaweza kuupata. Tukiuita ugonjwa wa walevi, tunamficha na yule mama mjamzito.

Wengine watasema kuwasaidia walevi ni kuwapa moyo wa kunywa. Naomba nionyeshwe mtu mmoja aliyeanza ulevi kwa sababu alisikia kuna sindano ya B1!

Nini kifanyike

Kwanza, tujue dalili. Mnywaji ambaye anayumba hata akiwa hajalewa, macho yanacheza au anaona viwili viwili, au amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, hata ikiwa ni dalili moja tu, huyo ni mgonjwa wa dharura. Hapa Uingereza piga 999, Marekani 911. Nyumbani mpeleke hospitali, siyo kwa mganga. Mwambie daktari ukweli wote, anakunywa nini, kiasi gani, hajala siku ngapi. Mtajie vitamini B1 kwa jina na uombe aifikirie mapema, kwa sababu sukari nyingi ya dripu bila B1 inaweza kuzidisha madhara. Uamuzi ni wa daktari, kwani sukari ikiwa imeshuka nayo haisubiri, lakini swali ni la kwako kuuliza.

Pili, tusimfungie mtu ndani na kumnyang'anya pombe ghafla. Mnywaji wa kila siku akikatishwa papo hapo anaweza kupata degedege, kuona mambo yasiyokuwapo, hata kufa. Kuacha ni lazima, lakini kuacha kuwe chini ya uangalizi wa watu wa afya.

Tatu, vyama vyetu vya huku. Sisi tuna sifa moja ambayo hata wenyeji wanaishangaa. Mmoja wetu akifa, ndani ya siku chache fedha ya kusafirisha mwili imepatikana, kamati imeundwa, na kila mtu anamjua marehemu. Huyo huyo alipokuwa hai, amejifungia chumbani na makopo, nani alibisha hodi? Naomba kila chama kiwe na watu wawili watatu wanaoaminika, wanaojua kutunza siri, ambao kazi yao ni kubisha hodi mapema, wakiwa na sufuria ya maharage na namba ya kliniki. Robo ya fedha tunazotumia kwa majeneza ingetosha.

Nne, wabunge wetu nyumbani. Tunaomba vitu vitatu tu, na havihitaji mfadhili. Sindano ya B1 iwepo kila hospitali ya wilaya na wauguzi wafundishwe kuitoa mapema. Sheria za kuongeza virutubishi kwenye unga zisimamiwe kweli, B1 ikiwemo, na wenye mashine ndogo wasaidiwe kusaga unga usiokobolewa sana. Na sehemu ya ushuru wa pombe itengwe waziwazi kwa matibabu ya walioathirika, ionekane kwenye kitabu cha bajeti, tuisome wenyewe.

Tano, tuliozoea kutuma pesa nyumbani tukisikia "mjomba karogwa". Kabla ya kutuma ya mganga, tuulize swali moja la bure: anakunywa? Na anakula? Jibu la maswali hayo mawili linaweza kumuokoa mjomba kabla wiki haijaisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunauona, tunapita kando yake tukicheka jinsi unavyoyumba, halafu ukuta ukianguka tunachanga. Yule ndugu anayekuuliza leo ni siku gani kwa mara ya nne hakutanii. Mjibu, mshike mkono, mpeleke hospitali leo hii.

Nawasilisha.